Mtoto Ambaye Mama Hakumtaja

Kazi yangu ni kuandika majina. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa sekreteri wa parokia moja hapa Butembo, na kila inapokaribia Jumapili ya ubatizo wazazi hupanga foleni mbele ya dirisha langu. Sisi Wanande hatuna haja ya kuulizana mengi. Mtoto wa kike wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kavugho. Wa kiume wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mtu akinitajia jina lake, najua wangapi walimtangulia. Mama akija na Kavugho mgongoni na Kavira mkononi, namuuliza kwa upole Masika yuko wapi. Akinyamaza, sirudii swali.

Mimi mwenyewe naitwa Kavira, na tangu nipate akili nimekuwa mkubwa wa nyumba yetu. Wadogo zangu wananiita yaya, yaani dada mkubwa. Mama alinieleza zamani kwamba nilipewa jina la shangazi yangu, dada ya baba, na kwa kuwa watu hufanya hivyo pia, niliridhika. Nimeandika majina ya maelfu ya watoto wa wengine bila kulitazama langu.

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye leo ameketi kwenye benchi la hospitali na mtoto anayekohoa bila kupona. Nilikuwa na watoto wawili. Wa kwanza hatukumuwahi. Wa pili tulimuwahi kwa wiki chache tu, na hizo wiki nusura zipotee kwa sababu ya jambo ambalo mtu wa nyumba yetu alilijua na hakulisema.

Binti yangu Masika alianza kukohoa Januari, kile kiangazi kifupi ambacho vumbi la Butembo linaingia hadi ndani ya sahani. Alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Kila mtoto wa mtaa wetu alikohoa mwezi huo. Tulimpa dawa ya malaria, kisha ya nimonia, kisha mvua zikaanza na wenzake wakapona, yeye akabaki. Alikuwa akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye jiko, anasimama katikati na kuweka mikono kwenye magoti kama mzee. Mume wangu, Kasereka, fundi wa magari ya mizigo, alifikiri anaigiza. "Angalia koko huyu," alisema, yaani bibi kizee huyu, na Masika alicheka mpaka akakosa pumzi. Nilicheka pia. Siwezi kuifuta hiyo picha.

Machi walimpa dawa za kifua kikuu. Aprili walimtoa maji kifuani kwa sindano ndefu, mara mbili. Maji yalirudi. Nilijifunza kulala naye akiwa ameketi, mgongo wake kwenye tumbo langu, kwa sababu akilala chali alikuwa akikoroma kama chungu kinachochemka. Upande wake wa kulia wa kifua ulianza kuwa mpana kuliko wa kushoto. Niliugundua nilipomvalisha gauni la Pasaka: vifungo vilikataa upande mmoja tu.

Mwishoni mwa Mei daktari kijana, aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliinua picha ya radio, yaani eksirei, kwenye dirisha, akaitazama muda mrefu, akakaa.

"Mama, mi sitakudanganya," alisema. "Hii haiko tuberculose. Kuko kitu kinaota humu ndani. Mwende Kampala, na mwende mbio."

Barabara ya kwenda mpaka wa Kasindi inapita Beni, na kutoka Beni magari huenda kwa msafara wa askari kwa sababu ya mauaji. Beni ndiko anakoishi mama yangu, mjane, mwenye meza ya samaki wa Kyavinyonge sokoni. Nilikuwa na mtoto wa pili, Mumbere, wa miezi minane. Tulikubaliana abaki na mama. Nilimwachisha ziwa siku hiyohiyo, nikajifunga kifua kwa kitenge, nikapanda gari na maziwa yakinichuruzika hadi Kasindi. Askari mmoja wa msafara, mtu wa mkoa wa Équateur, alimwona Masika akihema, akamtoa dereva msaidizi kwenye kiti cha mbele. "Maman moke, fanda awa," alimwambia, keti hapa mama mdogo. Masika hakujua Lingala, lakini alijua heshima alipopewa. Aliketi wima hadi mpakani.

Sitaeleza sana habari za Kampala. Wanaojua wodi za saratani za watoto wanazijua; wasiozijua, Mungu awaepushe. Walimpiga picha ya mashine ya duara, walichukua kinyama kidogo kifuani mwake, na baada ya siku tisa waliniita ofisini. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye pafu lenyewe. Ni wa nadra, daktari alisema, yeye aliwahi kuona wachache tu. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi cha kukatwa. Wataanza na dawa ya mshipa, kila baada ya wiki tatu, wakisubiri upungue.

Daktari huyo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alizungumza Kiingereza, nami sikijui. Aliyenitafsiria alikuwa nesi anayeitwa Biira, Mkonzo wa upande wa Kasese. Wakonzo ni ndugu zetu, mpaka tu ulipita katikati. Tuliongea lugha yetu kama watu waliokua kwenye ua mmoja. Hapa nayaandika kwa Kiswahili.

Daktari alichukua karatasi na kuanza kuchora: miraba kwa wanaume, viduara kwa wanawake. Alitaka ukoo wangu na wa mume wangu, nani alikuwa na ugonjwa gani, nani alikufa mdogo. Kwa upande wa Kasereka tulimaliza haraka. Kisha akaja kwangu.

"Mama yako alizaa wangapi?"

"Wanne," nilijibu. "Mimi wa kwanza, kisha mdogo wangu Kavugho, kisha wavulana wawili."

"Kuna mtoto aliyekufa?"

"Hapana."

Biira alitafsiri nusu, akaacha. Aliweka kidole kwenye karatasi ili daktari asichore.

"Wewe ni Kavira," alisema.

"Ndiyo."

"Sisi huku Kavira tunamwita Biira. Mimi ni Biira. Dada yangu Masika yuko Kasese, anafuga kuku na kunigombeza kwenye simu. Masika wenu yuko wapi?"

Nilimweleza habari ya shangazi. Aliniangalia bila kubisha.

"Shangazi yako alikuwa Kavira, sawa. Na mdogo wako? Yeye aliitwa Kavugho kwa shangazi yupi?"

Niliketi pale, mimi mwenye madaftari, mimi ninayewasomea wengine majina yao, na nikaona kiduara kitupu kwenye karatasi kabla daktari hajakichora. Biira alieleza kwa Kiingereza. Daktari alinisogelea na kuomba nivue kitambaa cha shingoni. Nilikuwa na uvimbe wa shingo, ule tunaouita goita, tangu nilipokuwa msichana. Mama anao mkubwa zaidi. Kwetu milimani wanawake wengi wanao, tunasema ni chumvi mbaya. Daktari aliugusa kwa vidole viwili, akauliza juu ya mama, akaandika.

Alichoniambia nitakiandika kama nilivyokielewa, kwa sababu ndicho kitu kimoja cha kidaktari mtakachohitaji kutoka kwangu. Mara nyingi uvimbe huu wa pafu hutokana na kasoro inayopita kwenye damu ya familia. Mtu anaweza kuwa nayo maisha yote akapata goita tu, au asipate chochote, na mtoto wake akapata uvimbe. Kwa mtoto mchanga huanza kama kiputo cha hewa ndani ya pafu, hakiumi, hakileti kikohozi. Kikionekana wakati huo, hukatwa, na mtoto hupona. Kikiachwa, kinakuwa kile kilichokuwa kwa Masika. Damu ingepelekwa nchi ya mbali kupimwa, na majibu yangechelewa.

"Una mtoto mwingine?" Biira alitafsiri.

"Wa miezi minane. Yuko Beni."

Daktari alivua miwani. "Apigwe picha wiki hii. Usingojee damu."

Mchana huohuo, kutoka kwenye ngazi za hospitali, nilimpigia mama simu. Nilimwambia ampeleke Mumbere akapigwe radio ya kifua. Sikumuuliza habari ya Masika wake. Mtu hamuulizi mama yake jambo kama hilo kwenye simu, na nyuma yake nilisikia soko.

"Radio ya nini? Mutoto iko muzima, anakula uji sawa mwizi."

"Mama, dokta njo anaomba," nilisema; kwetu "njo" ni "ndiye" au "ndipo".

"Bon. Nitamupeleka."

Dawa ya kwanza ilianza. Mlio wa dawa ikidondoka kutoka chupani, harufu ya chuma mdomoni mwa mtoto, nywele kwenye mto. Siku ya kumi na sita Masika alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mama, nywele yangu ilienda wapi?"

"Ilitangulia Butembo."

Alifikiri. "Itaningoja?"

"Itakungoja."

Aliwaambia hivyo wagonjwa wote wa chumba, mmoja mmoja, na wale wenye watoto wenye upara waliniomba ruhusa ya kuutumia uongo huo.

Kila nilipompigia mama, kulikuwa na sababu. Kulisikika risasi upande wa Mbau. Mashine ilikuwa imeharibika. Foleni ilikuwa ndefu. Niliziamini zote, kwa kuwa Beni zote zinawezekana. Wiki tatu zilipita. Baada ya dawa ya pili walituruhusu kwenda nyumbani siku kumi, Kasereka akaja kutuchukua, na tukafika Beni saa nne asubuhi, siku ya jua kali.

Mama alikuwa uani na Kavugho. Walikuwa wakikunja vitenge vya harusi. Mdogo wangu alikuwa aolewe Agosti, wiki mbili mbele. Mbuzi walikuwa wameshapokelewa, na wajomba wa bwana harusi walikuwa watu wakubwa wa soko la Beni. Mumbere alikuwa kwenye mkeka, mnene, akitafuna kijiko. Hakunitambua. Alipoona kifua changu, akakumbuka.

"Picha yake iko wapi?" nilimuuliza mama.

"Keti kwanza. Umechoka."

"Mama, picha."

Aliendelea kukunja. "Haikufanyika."

"Ju ya nini?"

"Harusi ipite kwanza, Kavira. Wiki mbili tu. Mutoto haiko na kitu."

Hapo ndipo nilipomuuliza. Sikuuliza kwa ukali. Nilisema, "Mama, Masika yako alikufaka na nini?"

Kavugho alicheka, akifikiri nimechanganyikiwa kwa safari. "Yaya, Masika yenyewe iko pale ku kivuli na baba yake." Kisha akamwona mama. Mama alikuwa ameketi juu ya vitenge vyenyewe, vile ambavyo hakutaka hata vumbi liviguse.

Alipoanza, alimtazama Mumbere, si mimi.

"Alikuwaka na miaka mbili na nusu. Alikuwa anapumua sawa mutu mwenye anapanda mulima, na alikuwa amekaa tu. Kifua yake ilivimbaka upande moja. Batu ya baba yenu balisema nilimupa sumu. Mie! Ati nilitaka kurudia kwetu. Balinifukuza. Mwaka muzima nilikaa kwa kaka yangu kule Kamango. Baba yenu alikuja kunichukua, lakini alisema: tukirudi, ile jina hapana kusikia tena mu nyumba. Nilikubali. Njo nilikuzaa wewe."

"Na ulipomuona huyu wangu anakohoa?"

"Nilijua," alisema. "Siku ulipita na yeye hapa kwenda Kasindi, nilimufungua nguo nimubadilishe, nikaona ile kifua. Nilijua."

Kasereka alikuwa amesimama na Masika begani. Ni mtu asiyepandisha sauti. "Mama mukwe," alisema, "ulijua, na huyu mudogo ulimuacha wiki tatu?"

"Bakisema iko mu damu ya batoto bangu, nani ataoa Kavugho?" Sasa alikuwa akilia. "Balisha kuniita muchawi mara moja. Mara ya pili sitaweza."

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini nilikuwa nimemwona uso alipotamka neno sumu. Miaka thelathini na minne imepita na bado alikuwa akijitetea mbele ya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa.

Kavugho alinivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa hajalia. "Yaya, nakuomba kitu moja. Mupige ile picha Kampala. Munarudi kule siku kumi. Hapa Beni mutu wa radio ni binamu ya bwana yangu, kesho soko yote itajua."

"Siku kumi, Kavugho."

"Siku kumi tu! Amekaa miezi tisa bila kitu."

Nilifikiri. Nataka mjue kwamba nilifikiri kweli, kwa sababu nampenda. Nilimtazama Masika, ambaye Januari alikuwa mtoto mwenye kikohozi. Barabara inaweza kufungwa wiki nzima bila onyo. Nilimfunga Mumbere mgongoni, nikaenda kwa miguu, Kasereka nyuma yangu.

Picha ilionyesha kiputo upande wa kushoto, cheusi, cha mviringo, kisicho na ukuta mnene, kama povu la sabuni lililokwama. Fundi wa radio alinipa bahasha bila kunitazama. Siku ya tatu wajomba wawili wa bwana harusi walifika kwa mama. Walikunywa chai yote, wakasifu nyumba, wakasema ingefaa harusi ingoje kidogo mpaka watoto wapone. Ilingoja hadi mbuzi waliporudishwa.

Kavugho alikuja kwenye gari tulipokuwa tunaondoka. Alisema sentensi mbili tu. "Kampala ina mashine ngapi, yaya? Weye ukachagua ya Beni." Kisha alinyamaza, na kimya hicho kilidumu.

Mumbere alipasuliwa mwishoni mwa Agosti. Nilikuwa na mtoto mmoja ghorofa ya juu na mwingine chini, na ngazi arobaini na mbili katikati. Walimtoa kiputo pamoja na kipande cha pafu. Wakakipima: kilikuwa mwanzo wa ugonjwa uleule, bado hakijageuka. Hakuhitaji dawa ya mshipa. Biira alinipa habari akiwa amesimama kwenye ngazi, na mimi nilikaa palepale, watu wakinipita. Aliniletea chai yenye sukari nyingi kupita kiasi na kunilazimisha kuimaliza. Huruma ndogo kama hizo nimeziandika zote kwenye daftari: chai ya Biira, kiti cha askari, mama mmoja wa Kyavinyonge aliyefua nguo za watoto wangu wiki nzima na kunitania kwamba mwanamke wa parokia hajui kukamua suruali.

Uvimbe wa Masika ulipungua mwezi wa Septemba. Oktoba ulisimama. Novemba ulirudi, na daktari alipoingia chumbani mikono mitupu, bila faili, nilijua.

Tulimrudisha Butembo ili awe nyumbani. Kasereka na mimi tulikuwa tumechoka kiasi cha kuumizana. Siku moja, baada ya mama yake kututembelea na kuondoka, Kasereka alisema, "Ni kwenu njo ilitoka," na hakulirudisha neno hilo mdomoni. Nilimwambia ndiyo, ni kwetu. Jioni alikuja na kuniosha miguu kwa maji ya moto, na hilo ndilo lilikuwa samahani yake. Wanandoa wengi niliowaona wodini waliachana. Sisi tulibaki, lakini sitasema ni kwa nguvu zetu.

Mama alikuja kutoka Beni wiki ya kwanza ya Desemba na begi moja. Hakuomba ruhusa. Alikaa nyuma ya Masika kitandani, mgongo wa mtoto kwenye tumbo lake, namna ileile niliyojigundulia mwenyewe Aprili. Nilimuuliza alijifunza wapi. Kabla sijamaliza nikaelewa ni swali la kijinga. Siku hizo alinieleza kidogokidogo habari za dada yangu: kwamba alipenda mihogo mibichi, kwamba alikuwa na meno yaliyoachana, kwamba alizikwa bila msalaba nyuma ya shamba ambalo sasa ni la mtu mwingine. Masika wangu, aliyemwita mukaka, yaani bibi, alisikiliza kila kitu.

"Mukaka, ule mutoto alikuwa anakohoa sawa mie?"

"Sawa weye."

"Alipona?"

Mama alimshika kichwa, ambacho kilikuwa kimeanza kuota nywele laini kama za kifaranga. "Hapana, mutoto wangu. Hakupona."

Nilitaka kumnyamazisha. Masika hakuogopa. Alisema, "Basi kuko mwenye ananijua," na akaomba uji.

Alikufa siku nne baadaye, asubuhi, saa ukungu wa Butembo unapoanza kuinuka na wauza mkaa wanapita wakiita. Alikuwa akihema haraka, kisha polepole, kisha nikawa nahesabu kati ya pumzi moja na nyingine, kisha sikuwa na cha kuhesabu. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na wewe ambaye mwanao bado anapumua, usinisome sehemu hii mara mbili.

Nilirudi kazini Kwaresima. Wazazi walipanga foleni. Siku ya kwanza alikuja mama mwenye Kavira mdogo, na ilibidi nitoke nje, nikainama nyuma ya ghala la maharagwe mpaka padri akatuma mtu kunitafuta.

Damu ilipimwa mwishowe. Mimi ninayo kasoro, Mumbere anayo, Kavugho anayo, mama hakuhitaji kupimwa. Mdogo wetu mmoja wa kiume hana, mwingine hakutaka kujua hali yake mwenyewe, lakini aliwaleta wanawe kutoka Kamango kupigwa picha, na wako salama. Kavugho alipokea majibu yake kwa mkono wa mama. Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu aliyetumwa Beni kutoka Tshopo. Mama alinisimulia kwamba siku ya kwanza ya uchumba alimwekea yule mwalimu karatasi ya maabara mezani na kumwambia, "Soma hii mbele ya kuniambia kama niko muzuri." Alisoma. Alibaki. Sikualikwa harusini.

Kwa mzazi anayesoma nina maneno machache. Mtoto akitibiwa kifua mara ya tatu bila kupona, omba picha, na omba mtu mwingine aitazame. Picha ikionyesha kiputo, usikubali uambiwe kitaondoka chenyewe. Na nenda kwa mama yako, na kwa mama wa mume wako, ukaulize juu ya watoto waliokufa. Usiulize wangapi wako hai, hao unawaona. Uliza ukiwa umeketi chini, mkiwa wawili, na umwambie kwanza kwamba hakuna anayemshitaki.

Mumbere sasa ana miaka minne. Kila miezi michache tunarudi kwenye chumba cha radio cha hapa Butembo. Anawakemea watoto wengine: "Simama sawa askari, hapana pumua!" Asubuhi moja mwaka huu tulikuwa tumemaliza, nami nilikuwa nikimfunga viatu, mlango ulipofunguliwa akaingia Kavugho na mtoto wa miezi minne. Alikuwa amesafiri kutoka Beni, kwa kuwa hakutaka kwenda kwa fundi wa radio wa kule. Alikaa mwisho wa benchi. Hakunisalimu. Nilitazama viatu vya Mumbere kwa muda mrefu kuliko vinavyohitaji.

Fundi aliita. Kavugho aliingia, na baada ya kitambo fundi akatoa kichwa mlangoni. "Mutoto mudogo anashikwa na batu babili. Mwingine iko wapi?"

Kavugho alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto uchi mikononi. Alitazama kwenye benchi, kwa mama mmoja asiyemjua, kwa mzee mmoja mwenye fimbo, kisha kwangu.

"Yaya," alisema. "Kuya huku."

Tulivalishwa zile aproni nzito za madini ya risasi. Yeye alishika mikono ya mtoto juu ya kichwa, mimi nilishika miguu, yenye joto na kuteleza kwa mafuta. Mtoto alipiga kelele kwa hasira kabisa.

"Mumuache alie," fundi alisema kutoka nyuma ya kioo. "Akivuta pumzi njo tunapiga."

Kavugho alikuwa ameinama, paji la uso wake karibu na langu. Mtoto alilia hadi pumzi ikamwishia, akanyamaza, akafungua mdomo, akavuta hewa kwa nguvu zote. Mbavu zake ndogo zilipanuka pande mbili sawasawa. Mashine ikalia.

Daktari alisema pafu ni safi, kwa sasa, na turudi baada ya miezi mitatu. Kavugho alimfunga mtoto mgongoni polepole, akikaza kitenge mara mbili.

"Miezi tatu," alisema, bila kugeuka. "Utashika miguu?"

Nilimwambia nitashika.